Mitende Miwili ya Ukutani

Mkifika Doha mwezi wa pili, hewa itawadanganya. Asubuhi mtavaa sweta, mchana jua litakuwa la kuota tu, na mtaona petunia zimefurika kwenye vitanda vya maua hadi pembezoni mwa barabara, mkadhani nchi hii iliumbwa kwa ajili ya mtunza bustani. Mna wiki sita. Saba, mwaka ukiwa mzuri. Baada ya hapo jua linawaka, na kila ulichokichelewesha kinakauka mbele yako huku mwenye nyumba akikuuliza kwa nini.

Mimi nilifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, mingi yake katika nyumba moja huko Wakrah, mji wa pwani ulio kusini mwa Doha. Mwaka jana mgongo ulikataa, nikarudi Kilifi. Tangu nirudi haupiti mwezi bila kijana kuja kukaa kibarazani kwangu, karatasi zake za kusafiria mkononi, akitaka habari za huko. Wengi huuliza chakula kikoje na joto likoje. Nawaambia. Lakini kuna jambo ambalo hawaniulizi, kwa sababu hawawezi kujua kwamba lipo. Nimeona afadhali niliandike, pamoja na mengine ya kazi, mlipate lote mahali pamoja.

Nianze na maji. Maji ya mpira uliolala juani si maji ya kumwagilia, ni maji ya chai. Mwezi wangu wa tatu kazini niliufungulia mpira saa sita mchana juu ya kitanda cha saladi ambacho mwenye nyumba alikipenda kuliko gari lake. Majani yalilala pale pale. Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole, mstaafu, lakini siku hiyo alisimama akavitazama vile vitu vilivyopikika, akaingia ndani. Mwenzangu akachuma jani moja, akalitafuna taratibu, akasema, "Hii imeiva. Leta chumvi."

Huyo alikuwa Salongo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa lingine, lakini kwao Masaka, Uganda, mwanamume akipata pacha huitwa Salongo na mkewe Nalongo, na jina hilo ndilo linalobaki. Alikuwa amenizidi miaka minane na alikuwa Doha kabla yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kiganda, kila kitu kwake kilikuwa "hii" na "zote," na hakuna aliyekuwa na haja ya kumsahihisha maana alichosema kilieleweka. Kampuni yetu ilikuwa inatuchukua kila alfajiri kwa basi kutoka kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area, ambako tulilala sita chumba kimoja, na kutushusha Wakrah. Siku nzima tulikuwa wawili tu katika ile bustani. Kila ninachojua cha kazi hii nilikitoa kwake.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba kazi ya kwanza ya msimu ni kuosha udongo. Maji ya huko yana chumvi, nayo hupanda ikakaa juu ya ardhi kama unga. Kabla joto halijaanza unafungulia maji kitanda kizima yasimame, yazame, uyafungulie tena, mpaka chumvi ishuke chini ya mizizi. Ukishindwa kufanya hivyo mwezi wa pili, mwezi wa tano utang'oa waridi zilizoungua ncha za majani na utasingizia wadudu. Kisha mipira ya matone: ifungue mwisho wake, acha maji yatoke na uchafu, halafu pita tundu moja moja ukiwa na pini. Mimi nilikuwa nachokonoa moja, naruka mbili. Salongo alikuwa anapita nyuma yangu.

Halafu kuna nyumba ya plastiki ya kuoteshea mboga, ambayo sisi tuliiita grinhausi tu. Upande mmoja ilikuwa na ukuta wa karatasi nene unaochuruzika maji, upande wa pili feni mbili kubwa za kuvuta hewa ipite kwenye ule ukuta na kuingia ndani ikiwa baridi. Mwezi wa tatu unausugua ukuta huo kwa brashi laini, maana chumvi inauziba, na unakaza mikanda ya feni. Juu ya plastiki unapaka chokaa nyepesi kupunguza jua. Mwaka mmoja niliipaka mapema mno, ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeitarajia, chokaa ikapenya kwenye viungio na nyanya zote zikawa nyeupe kama mayai. Wapishi wa nyumba ile waliniita Baba Mayai hadi Ramadhani.

Nawaambia haya ili mwelewe nilikuwa mfanyakazi wa namna gani. Sikuwa mvivu. Nilikuwa mwenye haraka, na nilikuwa na aibu ya kukosea mbele ya watu, na mtu akiwa na hivyo viwili pamoja ni hatari kwa wenzake.

Sasa mitende. Mimi nimekulia kwenye minazi, nimekwea tangu utotoni, na nilipoiona mitende ya yule mzee, kumi na mmoja yenye kuzaa na mmoja dume, nilijiona nimefika nyumbani. Salongo aliniuliza kama mnazi una miiba. Nikasema hauna. Akanishika mkono akanipandisha ngazi, akanionyesha mashina ya makuti ya mtende. Miiba mirefu kama kidole, migumu kama sindano ya kushonea magunia, imejipanga pande zote mbili mpaka ndani kabisa kwenye kilele, pale hasa mkono wako na goti lako vinapotakiwa kuingia.

Mtende dume Waarabu wanauita fahali, kama sisi tunavyomwita ng'ombe dume, na hilo lilimchekesha Salongo kila mwaka. Mwishoni mwa mwezi wa pili fahali hutoa karara, karara hupasuka, na ndani mna vishada vyeupe vyenye vumbi. Unavikata, unavianika kivulini. Mitende majike nayo ikipasua karara zake, unapanda, unachomeka vijiti vitatu vinne vya dume katikati ya ua jike, vichwa chini, unalifunga kwa ukuti usilikaze sana. Ua linapokea kwa siku chache tu. Ukichelewa, mwaka huo mtende hauzai kitu cha kuliwa.

Lakini kabla ya hayo yote miiba inakatwa. Mtu mmoja anapanda na kisu cha mundu, anakata miiba yote ya makuti ya juu, anashuka. Ndipo mchavushaji anapanda akiwa na mkanda wake na hofu kidogo. Mwaka wangu wa nne, Salongo alinipa kazi ya miiba. Yeye angechavusha.

Nilikata mitende tisa kwa siku moja. Miwili iliyobaki ilikuwa nyuma, karibu na ukuta wa jirani. Nilikuwa nimeegemeza ngazi kwenye wa kumi nilipomsikia mpishi akiita kwamba feni ya grinhausi imesimama. Nilikimbia. Miche ya matango na pilipili ilikuwa imeanza kulala kwenye trei zake. Mkanda ulikuwa umekatika. Nilihangaika pale mpaka saa ya basi: nilifungua milango yote, nikatandaza neti ya kivuli, nikainyunyizia miche maji mmoja mmoja, na miche ikapona. Mwenye nyumba alikuja akanishika bega. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mzee yule kunisifu tangu siku ya saladi. Tulirudi kambini nikiwa na furaha, na ile mitende miwili sikuikumbuka kabisa.

Niliikumbuka asubuhi, nilipomwona Salongo amesimama kwenye nyasi akijifunga mkanda kiunoni. Mwenye nyumba alikuwa ameketi karibu, akinywa kahawa yake. Msimamizi wetu wa kampuni alikuwa amekuja siku hiyo kukagua, naye amesimama pale pale.

Salongo aliniuliza, "Kazungu, umekata zote?"

Nilisema, "Yote."

Nataka mwelewe hesabu niliyoipiga kichwani, kwa sababu ndiyo hesabu mtakayoipiga nanyi. Nilijua kwamba kila mwaka alianza na mitende ya mbele, ya langoni. Ingemchukua asubuhi nzima kufika nyuma. Nami kabla ya saa nne ningechukua ngazi nikaenda kukata ile miwili, na hakuna ambaye angejua. Haukuwa uongo, nilijiambia, ni ukweli uliochelewa saa mbili tatu.

Salongo alianza na ya nyuma. Baadaye nilielewa kwa nini: karara za kule zilikuwa zimepasuka kwanza, akataka kuziwahi. Nilimwona akipita nyuma ya grinhausi na mfuko wa vijiti begani. Nilikuwa najaza ndoo bombani. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Msimamizi alikuwa bado anaongea na mwenye nyumba, hatua kumi kutoka nilipo, na nikaona kwamba nikiita watasikia. Ndoo ya kwanza ilijaa, nikaweka ya pili. Ya pili ilikuwa haijajaa niliposikia anapiga ukelele mmoja mfupi.

Hakuanguka. Mkanda ulimshika. Aliposogea kuingia kileleni aliweka goti lake la kulia kwenye mwiba kwa uzito wake wote, ukaingia pembeni ya kifuniko cha goti. Alishuka mwenyewe. Nilimketisha chini nikauvuta mwiba, nikaona umetoka bila ncha. Damu ilikuwa kidogo sana. Alinitazama, kisha akainua macho akautazama mtende, na miiba yake yote ilikuwa inaonekana kutoka pale tulipokaa.

Sikilizeni jambo hili kama kazi: mwiba wa mtende ulioingia kwenye kiungo na kuacha ncha ndani si jeraha la kufunga kitambaa. Unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hauumi. Salongo alisema ataona kwanza. Mimi nilisema angoje Ijumaa, siku yetu ya mapumziko. Nilisema hivyo kwa sauti ya kumhurumia, kazi ni nyingi, foleni ni ndefu. Ukweli ni kwamba zahanati wangemwuliza ilikuwaje, na ingeandikwa.

Alifanya kazi siku tisa akiwa na goti lile. Ijumaa ilipofika uvimbe ulikuwa umepungua, akasema haina haja. Siku ya tatu baada ya hapo goti likawa kama kichwa cha mtoto, akatetemeka kwa homa kwenye basi mpaka meno yakagongana. Tulipofika Wakrah hakuweza kushuka ngazi za basi. Dereva alimpigia simu msimamizi, akaja, na kabla hajampeleka hospitali akauliza palepale, miiba ya mtende ule ilikuwa kazi ya nani.

"Ni mimi," Salongo akasema. "Nilisahau hii mbili."

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kumalizika na kampuni ilikuwa inapunguza watu. Yeye alilijua hilo. Mimi nililijua. Msimamizi akaandika.

Walimpasua goti, wakalisafisha, wakampasua tena. Nilimtembelea Ijumaa mbili. Mara ya kwanza nilijitayarisha kusema, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, akaniwahi yeye. Aliniuliza kama karara za mwisho za ule mtende wa ukutani, zile zilizochelewa kupasuka, nimezichavusha. Nikasema bado. Akasema ua linafunga, niende kesho, na niende na kisu kwanza. Hivyo ndivyo alivyosema, niende na kisu kwanza, na ndiyo mara pekee aliyogusia lile jambo. Nilikwenda. Nilikata miiba yote mpaka viganja vikatoka damu, nikachomeka vijiti, nikafunga. Mtende ule ulizaa vizuri mwaka huo. Mwenye nyumba alinipa katoni nzima ya tende zake nipeleke kambini, na sikuweza kula hata moja.

Goti halikukunjika tena. Kampuni ilimrudisha nyumbani kabla ya mwezi wa sita. Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi ndani ya mfupa, wakamkata mguu juu ya goti. Miaka miwili baadaye alifariki, kidonda kikiwa kimeitia sumu damu yake. Habari hizo nilizipata kwa Mganda mmoja wa chumba cha jirani, akizitoa kama habari ya mtu yeyote tuliyepata kumfahamu. Nilikuwa nafua nguo. Nilizimaliza kufua.

Niliendelea na kazi. Nilipewa msaidizi mmoja baada ya mwingine, wakaniita fundi, na kila mwezi wa pili niliwafundisha miiba hukatwa kwanza. Hakuna aliyewahi kuumia mikononi mwangu. Nililipenda sana hilo, nikalihesabu kama kwamba linapunguza kitu.

Kisha akaja Babirye. Alikuwa mmoja wa pacha wa Salongo, mwanamke mzima sasa, mlinzi katika jengo moja refu la West Bay, Doha. Namba yangu aliikuta kwenye daftari la baba yake. Kiswahili alijifunzia Doha, kwa walinzi wenzake Wakenya, kwa hiyo kilikuwa cha Nairobi kabisa. Alinipigia akaniita Anko, akaomba Ijumaa moja aje aone mahali baba yake alipofanyia kazi. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa, akakubali, akatuma na chai.

Ulikuwa mwezi wa tatu. Nilimtembeza polepole, nikamwonyesha grinhausi, waridi, kitanda cha saladi, nikamsimulia jani lililotafunwa. Alicheka sana. Alisema nyumbani baba hakuwahi kuwachekesha. Tulikaa kwenye benchi, na hapo akaniambia alichokuja nacho.

Karatasi ya kampuni ilifika nyumbani pamoja na baba yake, nayo ilisema aliumia kwa uzembe wake. Mama yake aliisoma. Nalongo alimuuguza mume wake mpaka siku ya mwisho, lakini hakumsamehe kwa uzembe ule. Watoto waliacha shule mmoja mmoja, na kila mmoja alipoacha, mama yao alisema ni kwa sababu ya mtu aliyesahau kazi yake. Alisema hivyo mbele ya baba yao akiwa amekaa. Baba hakujibu kamwe.

"Mimi nakumbuka alikuwa anakagua kila kitu mara mbili," Babirye alisema. "Hata mlango. Anko, niambie ukweli tu. Alisahau?"

Nimewaambia nilikuwa na aibu ya kukosea mbele za watu. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne na aibu ilikuwa bado ile ile, mbichi. Nilitazama chini nikamwambia hapana. Nikamwambia yote, ndoo ya kwanza na ya pili, Ijumaa niliyomwambia angoje, na msimamizi akiandika. Sikujitetea, si kwa ushujaa, ila niliona kila neno la kujitetea linahitaji jingine.

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza ni mtende gani. Nikamwonyesha. Alikwenda akasimama chini yake, akarudi, akatoa simu akampigia mama yake. Waliongea Kiganda maneno machache. Kisha akaniwekea simu katikati yetu kwenye benchi.

"Mwambie wewe mwenyewe," akasema. "Mimi nitatafsiri."

Kwa hiyo nilisema tena, kipande kwa kipande. Nilisema sentensi, nikanyamaza, nikaisikia ikienda kwa lugha nisiyoijua, kwa sauti ya binti yake. Nyingine aliirefusha. Nyingine aliifanya fupi mno. Nalongo hakutukatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza swali moja.

Babirye akasema, "Anauliza, wakati anasema ni yeye, wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilikuwa nimemshikia kiatu."

Babirye alinitazama kabla ya kuitafsiri hiyo. Kisha akaitafsiri. Upande wa pili simu ikakatwa. Babirye aliitia kwenye mkoba wake, akasema basi lao la kurudi kambini linaondoka saa tisa, kituo anakijua, nisimsindikize. Sikumsindikiza.

Baada ya miezi miwili aliniandikia mstari mmoja, bila salamu. Alisema nyumbani sasa wanamtaja baba yao kwamba alikuwa fundi. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Haukusema lolote kunihusu mimi, nami sikumwandikia kuuliza.